Namna ya Kubishana Kuhusu Bendi na Watunzi, Kisii hadi Nyamira

Gari linalofaa kwa ubishi wa muziki ni Probox iliyojaa. Basi kubwa halifai, kwa kuwa aliyezidiwa hoja anaweza kuhamia viti vya nyuma akajifanya amelala. Ndani ya Probox inayotoka Kisii kwenda Nyamira hakuna pa kuhamia. Uko bega kwa bega na mwalimu mstaafu, mama aliyepakata kikapu cha ndizi, kijana wa kwaya, na abiria wa ziada anayegawana kiti na dereva, na nyote mmeusikia wimbo mmoja redioni kwa wakati mmoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupanda gari hilo akiwa na maoni yake kuhusu bendi za roki, watunzi wa Italia na wapiga gitaa wa Gusii, na ashuke akiwa ameongeza rafiki.

Somo la kwanza ndilo gumu kuliko yote: usitoe maoni juu ya wimbo ambao hujausikiliza hadi mwisho. Utasema umeusikia. Umesikia kipande. Nyimbo nyingi zinatufikia siku hizi kwenye flashi, na humo dijei ameziunganisha, akaukata kila wimbo katikati na kutangaza jina lake juu ya sauti ya mwimbaji. Benga, muziki wetu wa gitaa, haivumilii kukatwa. Ina mpangilio wake: mwimbaji hueleza habari yake kwanza, ubeti baada ya ubeti, ridhimu na besi zikimfuata kwa adabu. Baadaye sauti inanyamaza, gitaa la solo linapanda, mwendo unakazwa, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Dijei akikata kabla ya hapo umenyimwa karamu. Akikurushia solo peke yake unacheza bila kujua habari iliyokuinua.

Roki nayo inadai subira hiyo hiyo. "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971, ina dakika 8, na ngoma haziingii mpaka zaidi ya dakika 4 zimepita. Abiria anayeshikilia kwamba roki ni makelele matupu mpe wimbo huo. Atazingoja kelele zake huku akisikiliza filimbi na gitaa lisilo la umeme, na kabla hazijafika atakuwa ameanza kutikisa kichwa.

Ukishajifunza kusikiliza, chagua chombo kimoja utakachokifuata. Sisi wa Gusii tuna bahati katika jambo hili. Chombo chetu kikuu ni obokano: nyuzi 8, bakuli pana lililowambwa ngozi, na sauti nzito ambayo aliyeketi karibu huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi 8 vilevile, ila ni ndogo na sauti yake iko juu. Obokano inakaa chini. Wageni walioandika kuihusu wameiita besi kubwa ya Afrika Mashariki, wakiwa na maana ya lile zeze refu kuliko mtu linalopigwa kwa kusimama katika okestra za Ulaya. Sikio lililolelewa na obokano basi lina haki ya kuhukumu bendi yoyote duniani kwa besi yake, na kati ya mashauri yote yaliyomo humu hili ndilo ninalolishikilia zaidi: kabla ya kumsifu mwimbaji, mtafute mpiga besi.

Tujaribu kwa Queen. Bendi hii haikosi kutajwa, na akitajwa Freddie Mercury hutokea mtu wa kusema kwamba huyo ni wetu. Ni kweli. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964. Mpe msemaji heshima yake, kisha uliza kwa upole kama anamjua John Deacon. Kutakuwa na kimya. Deacon ndiye aliyekuwa akipiga besi, na ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust" mwaka 1980, wimbo unaosimama wote juu ya nyuzi zake nne. Toa sauti ya Mercury ukibaki na besi, wimbo bado utatembea. Toa besi ukibaki na Mercury, una mtu hodari anayeimba peke yake barabarani. Nampenda Mercury kwa moyo wote, lakini katika Probox ya Nyamira nitasimama na Deacon.

Ubishi wa Beatles na Rolling Stones upeleke Keroka. Mpaka wa kaunti zetu mbili unapita katika mji ule, kwa hiyo hakuna upande ulio mgeni wala mwenyeji. Maoni yangu ni mafupi: Beatles, kwa sababu ya besi ya Paul McCartney, ambayo haikubali kukaa nyuma ya wimbo kama mtumishi. Rolling Stones wanafaa zaidi pale viti vinapoondolewa.

Sasa kuna mzee. Yule mwalimu mstaafu amekuwa kimya tangu stendi, na wewe umedhani hana lake. Analo, na linaitwa Jim Reeves. Baada ya Jim Reeves litafuata Kenny Rogers, na usishangae akimtaja Sir Elvis, Mkenya mwenzetu aliyejenga jina lake kwa nyimbo hizo hizo za kantri. Vijana wengi hupotezea ubishi hapa kwa kucheka. Usicheke. Kantri imekaa katika redio za Kenya miaka mingi kuliko roki, na mzee hakuipenda kwa sababu ya kofia. Aliipenda kwa sababu ina hadithi: kuna mtu, kuna kosa, kuna njia ndefu ya kurudi nyumbani. Mwulize:

"Mwalimu, wimbo bora ni ule wenye hadithi, sivyo?"

"Kijana wangu, wimbo usio na hadithi ni wa kuoshea vyombo."

Akisema hivyo amekufungulia mlango wa Italia.

Abiria watauliza Waitaliano wameingiaje Nyamira. Wameingia kwa njia ya Malindi. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano wako katika pwani ya Kenya, kule Ngomeni walikorushia setilaiti na baadaye katika hoteli za Malindi na Watamu, na aliyefanya kazi hotelini huko hurudi nyumbani na maneno mawili matatu ya Kiitaliano na wimbo mmoja. Mara nyingi wimbo wenyewe ni "L'italiano" wa Toto Cutugno, wa mwaka 1983, kwa sababu kiitikio chake kinashikika hata na asiyejua lugha. Hapo ni mlangoni tu. Ingia ndani.

Ndani utawakuta watu wanaotunga maneno na sauti wenyewe na kuimba wenyewe, na nchi yao inawapa nafasi ambayo sisi tunawapa washairi. Lucio Dalla wa Bologna alizaliwa tarehe 4 Machi 1943, akaifanya tarehe hiyo kuwa jina la wimbo aliouimba katika tamasha la Sanremo mwaka 1971. Lucio Battisti alikuwa na sauti tamu zaidi kuliko wote, ingawa maneno ya nyimbo zake kubwa yaliandikwa na Mogol. Mbishi makini atasema basi Battisti si mtunzi kamili, nami namjibu kwamba anayeweza kuyachukua maneno ya mwenzake na kuyaimba kana kwamba yamemtoka usiku ule ametunga tayari. Paolo Conte alikuwa wakili katika mji wa Asti. Jina hilo liweke mfukoni, maana kati ya Kisii na Nyamira hukosi kukutana na mzazi anayeamini kwamba gitaa litamharibia mwanawe masomo ya sheria.

Mtu wangu hasa ni Fabrizio De André wa Genova, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1999. Aliimba juu ya makahaba, wafungwa, walevi na watu waliofukuzwa na wenzao, akawaimba bila kuwahubiria. Mwaka 1979 yeye na mwenzi wake Dori Ghezzi walitekwa nyara kule Sardinia, wakashikiliwa msituni kwa muda wa miezi mitatu na zaidi. Alipoachiliwa aliwasamehe waliokuwa wakiwalinda, akaandika nyimbo ambamo watu wa Sardinia ni binadamu wenye historia yao. Sijui msanii mwingine aliyepewa sababu nzuri hivyo ya kuchukia, akaitumia kutunga.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo De André alikuwa jukwaani na bendi ya roki, Premiata Forneria Marconi, ambao Waitaliano huwaita PFM. Mashabiki wa upande wake waliogopa gitaa za umeme zitayameza maneno. Bendi ilizipanga upya nyimbo zake za zamani, ikaziongezea vinanda na ngoma, na nyingine zikapendwa kwa mpangilio ule mpya kuliko wa kwanza. Kumbuka mfano huu siku abiria atakapokuambia roki na ushairi havikai chungu kimoja.

Na sasa tufike kwenye hoja iliyonifanya niandike mwongozo huu. Mtaje Christopher Monyoncho, yule mpiga gitaa na mwimbaji wetu aliyetuacha mwaka 2013, na kabla hujamaliza jina atatokea mtu wa kusema: "Angeimba kwa Kiswahili angefika mbali." Inasemwa kwa huruma, hata na wanaompenda. Monyoncho aliimba kwa Ekegusii, kwa gitaa za umeme, juu ya mapenzi, nyumba na maisha ya watu wa vilima hivi. Hoja yenyewe ni kwamba lugha yake ilimfungia ndani.

Jibu ni hili. Mwaka 1984 De André, ambaye nchi nzima ilimwelewa, alikiacha Kiitaliano. Kwa kusaidiwa na Mauro Pagani, aliyekuwa zamani mwanachama wa PFM, alitoa albamu iitwayo Crêuza de mä, nayo yote iko katika lugha ya Genova, lugha ya mabaharia na wauza samaki wa bandari ile. Mtu wa Roma hakuielewa bila tafsiri. Mtu wa Sicilia hakuielewa. Hata hivyo walinunua, wakasikiliza, wakasoma tafsiri, na hadi leo wakosoaji wa Italia wanaiweka miongoni mwa albamu bora zilizowahi kutoka kwao. Aliyetaka kumwelewa alimfuata mtunzi mpaka bandarini kwake.

Mpinzani mwerevu atakurudia: De André alikuwa tayari maarufu kwa Kiitaliano, ndiyo maana aliweza kuthubutu. Kubali, hoja hiyo ina uzito. Ila mpe mfano wa karibu zaidi. Ayub Ogada alipiga nyatiti barabarani London, akaimba kwa Dholuo, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, bendi ya roki ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipendwa na Waitaliano kabla Waingereza hawajaamka. Mwaka 2005 wimbo wa Ogada "Kothbiro" ulisikika katika filamu The Constant Gardener, na watu wasiojua neno moja la Dholuo waliulizana ni nani huyu. Nyuzi 8 za jirani zimefika huko bila kubadili lugha. Za kwetu ni 8 pia.

Kwa hiyo swali la haki ni nani aliyempelekea Monyoncho tafsiri, nani aliyeandika maneno yake kitabuni, nani aliyeyachapa nyuma ya jalada ili mtu wa Mombasa au wa Mwanza asome huku akisikiliza. Lugha yake haikumfungia. Sisi wenye lugha hatukuwafungulia wengine. Hapa, katika ubishi wowote, nitapaza sauti, na nakushauri ufanye hivyo hivyo, ilimradi usimkanyage mama mwenye ndizi.

Natamani sana kusikia obokano ikikutana na bendi ya roki jinsi De André alivyokutana na PFM. Mchezaji tunaye: Grandmaster Masese, mshairi na mpiga obokano, ameibeba ala hii hadi kwenye majukwaa ya mashairi ya Nairobi mbele ya vijana ambao hawakuwahi kuiona. Bendi pia zipo Nairobi. Parking Lot Grass, Murfy's Flaw na Crystal Axis wamethibitisha kwamba roki inaweza kuzaliwa Kenya na ikasimama. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha chumba kimoja kwa wiki moja na chakula cha kutosha.

Mahali fulani njiani kijana ataonyesha simu, na kwenye simu atakuwa Embarambamba. Jiandae. Mwimbaji huyu wa injili wa Gusii amejulikana Kenya nzima kwa kugaagaa matopeni, kupanda miti na kurukaruka katikati ya ng'ombe huku akiimba. Mwalimu atasema ni aibu. Kijana atasema ni kipaji. Waambie wote wawili kwamba Jimi Hendrix aliichoma moto gitaa yake jukwaani Monterey mwaka 1967, na kwamba Pete Townshend wa The Who alizivunjavunja zake tangu mwaka 1964, na hakuna aliyewafuta katika historia ya roki. Kisha waombe wafunge macho. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila msanii anayetumia mwili wake hivyo: kinachobaki macho yakifungwa. Kwa Hendrix inabaki gitaa inayolia, inayocheka, inayogombana na yenyewe. Kwa Embarambamba inabaki sauti yenye bidii na mdundo usiochoka, na ningependa vyombo nyuma yake vipewe nguvu ile ile anayoipa miguu yake. Mtu mwenye moyo wa kujirusha namna ile anastahili besi iliyopigwa na binadamu.

Kuhusu saa za kubishana, kuna sheria moja ambayo hailegezwi. Waadventista walifika Nyanchwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, nyumba nyingi za Gusii zinaadhimisha Sabato. Usiingie katika boma lao na maneno ya Led Zeppelin. Nenda kanisani ukasikilize kwaya. Kule kuna watu waliojifunza kusoma sauti kwa do-re-mi, wanaoweza kukuambia kwamba mwimbaji wa tatu wa besi ameshuka robo sauti katika ubeti wa pili. Kwangu mimi hao ndio wahakiki bora wa muziki tulio nao, na hatuwaulizi kamwe juu ya kitu kingine chochote. Jumapili asubuhi mtafute mmoja wao umchezee "Because" ya Beatles, ya mwaka 1969: John Lennon, McCartney na George Harrison wanaimba sauti tatu tofauti, walizirekodi mara tatu, na unachosikia ni sauti 9. Mwache asikilize mara mbili. Maoni atakayokupa yatakuwa na faida kuliko ya dijei yeyote, na ikiwa atasema kwaya yake inaweza kuuimba vizuri zaidi, usibishe mpaka umewasikia.

Kwenye matanga hakuna ubishi. Hata spika zikipiga wimbo usioupenda, huo ni wimbo wa marehemu au wa wanawe. Kaa, kunywa chai, itikia.

Kazi iliyobaki inaanza baada ya safari. Katika nyumba fulani, Nyansiongo, Ogembo au Suneka, kuna mzee mwenye santuri chini ya kitanda. Huenda ni zile ndogo za Chandarana, studio ya Kericho iliyorekodi vikundi vingi vya magharibi mwa Kenya, moja baada ya nyingine, wakati bendi za huku zilipokuwa na gitaa za kuazima. Jina la mwimbaji limechapwa kwenye santuri. La mpiga besi kwa kawaida halipo. Tunamjua John Deacon wa Uingereza kwa jina na mwaka, na hatumjui aliyeshika besi katika nyimbo zilizopigwa kwenye harusi za mama zetu. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika muziki wetu.

Kwa hiyo nenda. Usimwombe mzee akuuzie santuri, atadhani hiyo ndiyo shida iliyokuleta. Mwombe akuchezee kama mashine inafanya kazi, na kama haifanyi mwombe akuimbie. Uliza nani alipiga solo, nani ridhimu, nani besi, walikuwa wa kijiji gani, gitaa ilikuwa ya nani. Majina yaandike kwa penseli kwenye karatasi, uiingize ndani ya ganda pamoja na santuri, na nakala ubaki nayo. Wajukuu wake wakiwa karibu waite wasikie, maana swali la pili watauliza wao. Na akikuambia mpiga besi bado yuko hai, kule ng'ambo ya mto, mwombe akuelekeze njia uende wiki hiyo hiyo. Beba sukari kilo mbili na mkate. Majani ya chai, katika Nyamira, usihangaike nayo.